Karatasi ya Uzi Mweusi

Mume wangu Martin ni mtu mwenye wivu. Nasema hivi mbele yake, maana nilimwambia nitaandika habari zake akanijibu niandike nipendavyo, kisha akachukua jembe akaenda zake shambani. Lakini wivu wake ni wa ajabu. Nimekaa naye miaka thelathini na sita. Nimecheza ngoma kwenye harusi za watu, nimesimama sokoni Lushoto nikapiga soga na wanaume mpaka karoti zangu zikanyauka, na hajaninunia hata nusu saa. Sasa wewe mtaje Sefania wa Mponde. Sema tu Sefania ameonekana stendi kavaa koti jipya, halafu uone kijiko kinavyobwagwa mezani.

Wageni wakiona hivyo hudhani wanaume hawa wawili walinigombea mimi usichanani. Laiti! Walichogombea ni besi.

Besi ni sauti ya nne ya kwaya, ile ya wanaume wa chini kabisa. Martin ni mkulima wa njegere na kabichi hapa Kwemvule, na tangu mwaka themanini na tisa ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu. Hakusoma muziki chuoni. Alifundishwa na Bruda Alen, fundi cherehani wa nyumba ya mabruda iliyoko juu ya kilima chetu, mtu mfupi, mkimya, mwenye pini mdomoni kutwa nzima. Aliwashonea mabruda kanzu, na katikati ya kanzu na kanzu alitunga nyimbo za Misa. Aliziandika kwa solfa, zile do re mi, kwa penseli, kwenye karatasi zile za kaki alizokatia vipimo vya nguo. Mabaki ya shingo na kwapa, ndiyo yaliyokuwa daftari lake.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuwahi kuandika sauti nne kwenye karatasi moja. Kila sauti ilikuwa na karatasi yake, na kwenye pembe ya kila karatasi alipitisha mishono mitatu ya uzi: mweupe kwa sauti ya kwanza, mwekundu kwa ya pili, wa buluu kwa ya tatu, mweusi kwa ya nne. Alisema mwimbaji akiona ya mwenzake huacha kuisikiliza. Wala hakuandika jina lake popote. Desturi ya shirika lao ilikuwa hiyo, bruda haweki jina kwenye kazi yake. Kanzu haina jina la fundi, basi na wimbo vilevile.

Martin alimpenda Bruda Alen kuliko baba yake mzazi. Kila Alhamisi alipanda kilima, akaketi kwenye kile chumba cha cherehani, akaimba huku Bruda akishona. Cherehani ikienda taka-taka-taka, naye Martin akiimba juu yake. Mambo yalikuwa mazuri mpaka alipokuja Sefania.

Sefania alizaliwa kwenye nyumba ya Kiluteri upande wa Vuga, na wenzetu wale, Mungu awabariki, ni kama wanazaliwa wakiimba. Alioa binti Mkatoliki wa Mponde, akapokelewa Kanisani, akaanza kuongoza kwaya ya kule huku akivuna majani yake ya chai. Sauti yake ilikuwa nene, imetulia, inatoka bila kujikamua. Siku moja Martin alifika mapema, akasikia Sefania anaimba ndani. Akasimama chini ya dirisha. Mara cherehani ikanyamaza. Bruda Alen alikuwa ameondoa mguu kwenye cherehani kwa ajili ya Sefania.

Martin hakungoja kusikia zaidi. Alirudi nyumbani uso umemvimba, akaniambia, “Miaka minne namwimbia, Jenoveva. Miaka minne! Hajaniondolea mguu hata siku moja.”

Nilicheka. Sikujua kwamba kile kicheko ningekilipia miaka mingi.

Mwaka tisini na sita Bruda Alen aliugua kifua. Kabla ya kufa alimwita Martin, akampa karatasi nne za wimbo wake wa mwisho, wimbo wa Komunyo tunaouita “Ukungu Umeondoka”. Akamwambia neno moja tu: akija wa kuomba, mpe anakili. Tukamzika wiki ile ya mvua, njia za mlimani zote utelezi mtupu. Udongo wa kaburi haujakauka, Sefania akabisha hodi kwetu na daftari kwapani, suruali imelowa hadi magotini.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina,” Martin akaitika, lakini kiti alichelewa kumpa.

Nilimpa mimi, na chai pia. Martin akaingia chumbani, akatoka na karatasi tatu. Nilikuwa namenya viazi mlangoni, naziona. Uzi mweupe, mwekundu, wa buluu.

“Na ya nne, mwalimu?” Sefania akauliza.

“Ya nne hakuiandika,” Martin akasema. “Mauti yalimwahi.”

Sefania aliinamisha kichwa. “Basi Mungu ampumzishe,” akasema, akanakili sauti tatu mpaka saa saba mchana, akashukuru, akaaga. Nilimsindikiza mimi hadi njia panda. Niliporudi nilimkuta mume wangu amepanda juu ya kigoda jikoni. Karatasi ya uzi mweusi ameifunga kwenye kipande cha mfuko wa mbolea, anaichomeka darini, katikati ya mahindi ya mbegu.

Kwetu mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya moto, moshi uyapige na fukusi wasiyasogelee. Pale hakuna mgeni anayepachungulia, na hakuna mtoto anayegusa, maana mbegu haiguswi. Nilimwangalia nikamwambia, “Baba Fanueli, hiyo ni dhambi.” Akasema, “Siyo dhambi, ni akiba.” Zile tatu baadaye alizirudisha nyumba ya mabruda, zikawekwa kabatini pamoja na nyimbo nyingine za marehemu.

Alidhani Sefania atashindwa. Wimbo wa sauti tatu, usio na besi, nani atauimba? Hilo ndilo kosa lake, na hata mtu asiyekulia kwaya asingelifanya, maana angejua tu kwamba pengo likiachwa hujazwa. Mwaka mmoja baadaye, sikukuu ya parokia, kwaya ya Mponde ilisimama ikaimba “Ukungu Umeondoka” kwa sauti nne. Sefania alikuwa ametunga besi yake. Na nitasema kweli japo mume wangu atasoma: ilikuwa nzuri. Ilipanda taratibu chini ya zile nyingine hadi ukahisi ubao wa benchi unatetemeka. Watu walifumba macho. Martin alitoka nje, akasema anakwenda kufunga mbuzi. Mbuzi gani, kanisani?

Tangu hapo wimbo ukatembea. Vigango vingine vilinakili kwa Sefania, wanafunzi wakaubeba shuleni, wakaurudisha likizo. Ukaimbwa Soni, ukaimbwa Bumbuli, ukateremka hadi Korogwe. Mwanetu Fanueli alipooa, rafiki zake walimwimbia huo huo, na bwana harusi mwenyewe akawa anavuma besi ya Sefania madhabahuni kwa furaha. Martin alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani, amekunja uso kwenye picha zote. Picha zipo, mtu asije akabisha.

Kwaya yetu yeye hakuiruhusu iuimbe kabisa. Besi ya Sefania hakuitaka, na ya Bruda asingeweza kuitoa, kwani watu wangeuliza imetoka wapi. Wanakwaya walimlalamikia mpaka wakachoka, vijana wakahamia kwaya nyingine. Roho ya korosho, walimwita, nami nilisikia nikanyamaza.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Jioni, ugali ukiwa motoni na watoto wako nje, Martin alikuwa akiketi kwenye kigoda chini ya ile mbegu, akaimba besi ya Bruda Alen kwa kichwa, pole pole. Mimi nilikuwa sauti ya pili tangu usichana, basi nikaimba ya pili, huku nasonga. Sauti mbili tu, na moshi. Ni wakati huo tu mume wangu aliniimbia mimi. Kanisani aliwaimbia watu, kilimani alimwimbia Bruda, ila jikoni palikuwa pangu. Milima yote hii hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua ile besi, na nilijiona mtu.

Miaka ishirini na saba ikapita hivyo.

Mwaka huo wa elfu mbili na ishirini na tatu nyumba ya mabruda ilikuwa imebaki na wazee wawili. Shirika likamtuma Sista Scholastica, mtawa kijana aliyesomea kazi ya kutunza kumbukumbu, akusanye barua, daftari na nyimbo zote kabla hazijaoza. Alikuja na kamera, brashi laini na maboksi. Kabati alilikuta limekula unyevu wa kipupwe, karatasi zimeota ukungu mweupe, nyingine mende wametafuna pembe. Aliifuta kila moja kwa brashi, akaipiga picha dirishani, akaiandika kwenye orodha. Tena wakubwa wake walikuwa wamekubali majina ya watunzi yaandikwe sasa, yasije yakapotea moja kwa moja. Akamwita Martin amsaidie kutambua nyimbo.

Mume wangu alikwenda amevaa shati la Pasaka. Alirudi saa sita, hakuvua hata viatu.

“Wameandika jina lake,” akasema.

“La nani?”

“Chini ya la Bruda! Wimbo namba arobaini na moja. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, Bruda Alen. Sauti ya nne, Sefania wa Mponde. Kwa wino, Jenoveva.”

“Kajipeleka mwenyewe?”

“Sista kamuuliza. Akasema ya Bruda haikuwepo, akajazia yeye, akaomba radhi. Akaomba radhi! Unauona ujanja wake?”

Nilimtazama mtu mzima wa miaka sitini na mbili anavyozungukazunguka na viatu miguuni. Alimnyima Sefania karatasi ili asimkaribie Bruda Alen, na kwa kumnyima kule akamweka palepale ubavuni pake, kwenye orodha itakayobaki sisi sote tukiwa udongo. Yeye Martin, aliyempelekea Bruda maziwa, aliyemfunga sanda, hakuwa na jina hata pembeni.

“Basi toa karatasi,” nikamwambia.

“Nikiitoa watauliza ilikuwa wapi.”

“Usipoitoa jina litabaki.”

Siku tatu alizunguka. Alipalilia njegere zilizokwisha paliliwa. Akiona bodaboda inapanda kilima anasimama kuangalia nani amepakiwa. Siku ya nne alivuta kigoda, akapanda, akaishusha. Mfuko wa mbolea ulikuwa umekuwa mweusi tii. Akaniambia atasema ameiokota akisafisha dari. Nikasema sawa, na mimi naja.

Tulimkuta Sista kwenye kile chumba cha cherehani, ndicho alichokigeuza ofisi. Cherehani yenyewe ipo bado, imefunikwa kitambaa. Na kwenye kiti cha karibu na dirisha, nani? Sefania. Mvi tupu kichwani, mgongo umeinama kidogo. Sista alikuwa amemwita aimbe besi yake airekodi. Alinyanyuka kutusalimia kwa mikono miwili, na Martin akampa vidole vinne.

“Nimeiokota,” Martin akasema, akaweka furushi mezani.

Sista alilifungua kwa kibano, pole pole. Chumba kizima kikanukia jiko langu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, lakini ilikuwa nzima, pembe zote nne, solfa zote zinasomeka, na mishono mitatu ya uzi mweusi mahali pake. Zile tatu za kabatini zilikuwa zimelala kando yake, zimetobokatoboka.

“Masizi ni sumu kwa karatasi,” Sista akasema, akaigeuza, akaigeuza tena. “Lakini hii ndiyo nzima kuliko zote. Sijui nimkaripie nani.”

Sefania aliugusa ule uzi kwa ncha ya kidole, akaomba ruhusa ya kusoma. Akavaa miwani, akaanza kuimba.

Pale ambapo besi yake hupanda, ya Bruda inashuka, inasubiri. Alipofika hapo alisita. Akarudi nyuma, akaanza tena, akashuka nayo hadi chini, akasubiri kama ilivyoandikwa. Mara moja tu, kwa kusoma, na akaiimba vizuri kuliko mume wangu aliyeikariri miaka ishirini na saba. Nilimwangalia Martin. Alikuwa anaitazama cherehani, na nilijua roho inamuuma.

Sefania alivua miwani akafuta macho. “Sista, ile yangu ifute. Niliibahatisha tu. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.”

“Siwezi kufuta, baba. Imeimbwa na watu. Nitaandika zote mbili.” Sista akachukua fomu. “Sasa, ilikuwa wapi muda wote huu?”

Martin akafungua mdomo. Kabla hajasema, Sefania akamgeukia, akamshika mkono. “Mwalimu, ahsante kwa kuitunza.”

Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu. Martin aliuchomoa mkono wake.

“Sikuitunza,” akasema. “Nilikunyima. Sista, andika niliificha. Andika ni kwa wivu.”

“Wivu wa nini, ndugu yangu?”

“Alikuondolea mguu kwenye cherehani! Wewe, uliyekuja juzi! Nilikuwa dirishani, nikasikia imenyamaza. Mimi hakuniondolea mguu maisha yake yote.”

Sefania alikunja uso akikumbuka. Halafu akaanza kutikisa kichwa. “Siku ile? Martin, alisimama kunikaripia. Nilikosea mstari wa tatu, akaniambia sauti nene bila sikio ni kelele. Nilitoka pale nalia. Cherehani Bruda aliisimamisha mtu akikosea, hukujua? Wewe alikuwa haachi kushona kwa sababu hukosei.”

Martin alikaa kwenye kiti cha Sefania bila kukaribishwa. Aliweka mkono juu ya kile kitambaa cha cherehani, akauacha hapo, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mtawa, wala hakuyafuta. Sefania akasimama nyuma yake, amemshika bega.

Sista akaandika kwa upole, akisoma kwa sauti kama wafanyavyo wenye orodha. “Sauti ya nne ya asili. Ilifichwa na Martin, mwalimu wa kwaya, kwa wivu. Ilikaa nyumbani kwa Martin, jikoni, juu ya moto…”

“Hapo futa,” nikasema.

Wote wakanigeukia. Nami nilijisikia nikisema, na sikuweza kujizuia. Kila kitu Martin, Martin. Hata dhambi yake ina wino! “Jiko ni langu mimi, Sista. Kuni nimezibeba mimi, moto nimeuwasha mimi asubuhi na jioni, miaka ishirini na saba. Kama siyo moshi wangu mende wangeila kama hizo nyingine. Andika jikoni kwa Jenoveva.”

Sista alitabasamu, akainua kalamu. Kisha lile tabasamu likapungua. “Kwa hiyo wewe mama ulijua ipo?”

Sefania alinitazama. Nilimpa kiti siku ile mimi, nilimpa chai mimi, nilimsindikiza hadi njia panda nikamtakia safari njema.

“Nilijua,” nikasema.

“Tangu lini?”

“Tangu siku aliyokuja na daftari.”

“Na hukusema kwa sababu gani?”

Martin naye alikuwa ameinua kichwa, maana hata yeye hakuwahi kuniuliza hivyo. Alidhani namwogopa, au namsitiri. “Angeitoa ningebaki na nini?” nikasema. “Ndiyo pekee aliyoniimbia mimi. Andika, Sista. Wivu, kama yeye.”

Akaandika. Jina langu limo, mstari wa chini ya la mume wangu, namba arobaini na moja, anayetaka akaangalie. Sefania alinyanyua daftari lake la zamani kutoka mezani, akanakili sauti ya nne taratibu, mstari kwa mstari, na safari hii kiti alivutiwa na Martin.

Jioni ile niliwasha moto kama kawaida. Pale darini palibaki tundu dogo katikati ya mahindi. Martin aliingia, akavuta kigoda, akaketi mahali pake, nami nikatayarisha koo langu huku nasonga. Akaanza kuimba. Ilikuwa besi ya Sefania, yote, pumzi kwa pumzi, bila kukosea hata nota moja.

Nikamwambia ugali umeiva, anyamaze ale.